Mkalimani Aliyeshika Sikukuu

Nandagopal alikuwa na mazoea ya kuwaambia watu uzito wa kazi yake kabla hawajamuuliza. Akiwa arusini, akiwa kwenye foleni ya benki, hata akiwa kwa kinyozi na povu limejaa mashavuni, alitafuta upenyo na kusema, "Kadugu wangu ni mwepesi kuliko picha moja ya simu yako." Kinyozi aliitikia kwa upole, akidhani Kadugu ni mtoto aliyezaliwa njiti.

Kadugu, maana yake punje ya haradali, hakuwa mtoto. Alikuwa programu ya kompyuta, tena ya aina ile inayoitwa mkalimani. Mtu akiandika kazi mara moja tu, kwa mtindo wa WebAssembly, Kadugu huisoma na kuieleza mashine yoyote aliyowekwa ndani yake, kila mashine kwa lugha inayoielewa: pampu ya kisima, mashine ya kusaga mchele wa mikate ya idli, lifti, saa ya mkononi. Hakutaka chipu ya kifahari wala kumbukumbu kubwa. Nandagopal alimwandika kwa miaka mingi katika chumba kilicho juu ya duka la vipuri, mtaa wa Peelamedu mjini Coimbatore, na kila alipopata nafasi alimpunguza. Alikata hiki, akafuta kile. Mwisho alifuta hata maelezo ya kumwambia mtu kwa nini mashine imesimama, kwa sababu, alisema, mashine yenye Kadugu haisimami.

Sifa hazikukosekana. Wahandisi wa nchi za mbali walimsifu kwenye mtandao, wakamchukua Kadugu bure kama alivyowekwa, wakaenda zao. Kilichokosekana ni mteja. Wafanyakazi waliondoka mmoja mmoja hadi akabaki mkewe, Poongodi, aliyekuwa akiijaribu programu hiyo tangu asubuhi hadi jioni kwenye meza iliyojaa nyaya. Na katika mji mzima uliojaa viwanda vya pampu na mota, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado tayari kuwasikiliza: kaka yake Poongodi, Marudhachalam, mwenye kiwanda cha mashine za kusaga kando ya barabara ya Sathy.

Kusikiliza kwenyewe kulikuwa kwa masharti. "Shemeji yangu anauza hewa," Marudhachalam aliwaambia wageni kila Nandagopal alipoingia. "Tena si hewa hivi hivi. Hewa nyepesi!"

Wageni walicheka. Nandagopal naye alicheka, kisha usiku hakulala.

Makubaliano yao yalikuwa haya. Kadugu angejaribiwa kiwandani hadi Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki zana. Siku hiyo, mbele ya wafanyakazi wote, Marudhachalam angetoa jibu. Akikubali, kila mashine itakayotoka kiwandani itatoka na Kadugu tumboni. Akikataa, Nandagopal angefunga chumba chake na kwenda kukaa kwenye meza ya malalamiko hapo kiwandani, kujibu simu za akina mama ambao mashine zao zinavuja. Meza hiyo ilikuwa wazi. Aliyekuwa akiikalia alikuwa ameacha kazi na kwenda kutafuta utulivu kwenye jumba la watawa.

Kadugu akawekwa kwenye mashine za majaribio, kwenye lifti ya mizigo, kwenye ile ngoma ya umeme inayojipiga yenyewe wakati wa ibada, na kwenye vitu vingine kadhaa. Akafanya kazi vizuri. Hapo ndipo Nandagopal alipopata wazo la kumtia nakshi.

"Siku ya Ayudha Puja zana zote hupumzika," alimwambia mkewe. "Msumeno, spana, cherehani, mpaka basi la abiria. Basi na Kadugu apumzike. Ibada ikianza tu, analala mpaka kesho yake asubuhi saa ya heri. Kwenye kioo cha mashine inatokea nukta moja nyekundu, kama ile ya unga wa kumkum tunayopaka. Mama yako atalia machozi."

Poongodi aliweka bisibisi chini. "Ukiiweka likizo ndani ya mkalimani, kila kinachomtegemea kitalala naye."

"Ndiyo uzuri wake."

"Na lifti?"

"Kwani lifti si zana?"

"Ni zana yenye watu ndani."

"Siku ya sikukuu watu hawapandi lifti, wanakula," alisema Nandagopal. Na mtu huyu aliyekuwa akigombana na mkewe kwa ajili ya herufi moja iliyozidi, akamtilia Kadugu saa ya ibada na tarehe zote za Ayudha Puja za miaka mingi ijayo, kwa kuwa sikukuu hiyo hufuata mwezi na haina tarehe moja. Poongodi alimkumbusha kwamba nafasi hiyo ingetosha kurudisha yale maelezo ya mashine kusimama. Nandagopal alimwambia kwamba wanawake hawana jicho la biashara.

Siku ikafika. Kiwanda kilikuwa kimefagiliwa na kupigwa deki. Spana, nyundo, koleo na patasi zilipangwa juu ya kitambaa chekundu mbele ya madhabahu, kila moja imepakwa liwa na nukta ya kumkum. Mashine kubwa zilivishwa makoja ya maua ya manjano. Swichi kuu ya umeme ilivishwa koja nene kuliko yote. Kompyuta ya Nandagopal nayo ilikuwa mahali pake kwenye kitambaa, imefunikwa, asumini juu.

Mama mkwe wake, bibi Arukkani, alikuwa akizunguka na kibakuli cha liwa. Alisimama mbele ya mkwewe.

"Mwanangu, na huyo Kadugu nimpake wapi?"

"Hapo kwenye kompyuta, mama."

"Kompyuta nimeshaipaka. Hiyo ni nukta yake yenyewe. Nauliza ya Kadugu."

"Kadugu hana mwili, mama. Yumo ndani ya kila kitu."

Bibi Arukkani alifuta kidole ukingoni mwa kibakuli. "Aliye ndani ya kila kitu namfahamu," alisema, "na hajawahi kuitwa Kadugu." Akaenda zake.

Chellappan, fundi mkuu na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alikohoa ili asicheke. Kuhani alikuwa ameshawasha kafuri. Marudhachalam peke yake ndiye asiyekuwepo: alikuwa ghorofa ya pili kuchukua boga la kuvunja kwa ajili ya kuondoa kijicho, boga jeupe kubwa ambalo kila mwaka alilichagua mwenyewe na hakumruhusu mtu kulibeba. Mzigo kama huo haushuki ngazi. Akaingia nalo kwenye lifti.

Kuhani akapiga kengele. Ngoma ya umeme ikaanza kudunda, du-du-du, kisha ikanyamaza katikati ya pigo. Kwenye kioo chake kidogo ikatokea nukta moja nyekundu. Wakati huo huo, lifti ikasimama baina ya ghorofa ya kwanza na chini.

Ilikuwa lifti ya mizigo ya zamani, yenye mlango wa nondo. Sakafu yake ilikuwa usawa wa vichwa vya watu, kwa hiyo alichokiona kila aliyegeuka kilikuwa miguu ya mwenye kiwanda, kando yake boga.

"Shemeji!" Sauti ilitoka juu. "Kitu chako kimekufa!"

Nandagopal akajongea, kifua mbele. Hii ndiyo saa aliyoingoja. "Hajafa, shemeji. Amepumzika."

"Nini?"

"Kadugu anashika Ayudha Puja. Ibada imeanza, naye ameweka zana chini kama sisi. Hakuna mashine nyingine duniani inayofanya hivyo!"

Kisha Chellappan akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege, akimwita anna, yaani kaka, kwa heshima: "Nandagopal anna, unasema mashine imekataa kazi kwa sababu ni sikukuu?"

"Ndivyo."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Bila kuomba ruhusa kwa mudalali, bosi wetu?"

"Haihitaji ruhusa."

Mafundi walipiga makofi hadi kuhani akasahau aya aliyofikia. "Miaka yote tunaandika barua kuomba mapumziko," Chellappan aliwaambia wenzake, "kumbe tungejifunza kuwa lifti!"

"Mwamshe!" alisema Marudhachalam. Miguu yake ilibadilisha mkao. Alikuwa amegundua kwamba aliyesimama chini anaweza kuona mbali zaidi ya miguu, na akawa anajibana kwenye nguo yake nyeupe ya kiunoni kama bi harusi.

"Inabidi nifungue kompyuta," alisema Nandagopal.

"Fungua!"

"Isifunguliwe," alisema bibi Arukkani. Alikuwa amekwisha kuvuta kiti na kukaa mbele ya kitambaa chekundu, kibakuli mapajani. "Imepakwa. Zana iliyopakwa haiguswi mpaka kesho. Hiyo ni sheria ya nani hapa kiwandani?"

Watu wakageukia lifti, maana jibu lilikuwa ndani yake. Ilikuwa sheria ya Marudhachalam mwenyewe. Kila mwaka aliitangaza kwa kipaza sauti: atakayegusa zana kabla ya kesho asubuhi, asirudi kazini. Lifti ingeweza kuteremshwa kwa mkono, kulikuwa na gurudumu lake huko juu, ila gurudumu lilitaka spana, na spana ililala kwenye kitambaa na nukta yake kwenye paji la uso.

"Umeme ukikatika je?" aliuliza Poongodi.

Nandagopal alikunja uso. Hakupenda kukiri mapungufu mbele za watu. "Lifti haina betri ya kutunza tarehe," alisema. "Umeme ukikatika na kurudi, Kadugu ataamka bila kujua leo ni siku gani. Asipojua, atafanya kazi."

"Yaani akipotewa na akili ndipo anapofaa," ilisema sauti kutoka juu.

Wakaitazama swichi kuu pamoja na koja lake. Bibi Arukkani akatikisa kichwa. Lakini umeme wa mtaa ule ulikuwa ukikatika kila siku bila kuguswa na yeyote, kwa hiyo wakaamua kusubiri. Ukawa mkusanyiko wa ajabu: watu waliozoea kumlaani mtu wa umeme wakikaa chini na kumwombea akate. Taa ziliwaka bila kupepesa. Mafeni yalizunguka kwa raha. Hatimaye Chellappan akampigia simu fundi wa laini anayemfahamu, akaiweka simu kwenye spika.

"Kaka, tukatie umeme kidogo, dakika moja tu."

"Leo?" alisema mtu wa umeme. "Chellappan anna, una wazimu? Leo ni Ayudha Puja. Koleo zimepakwa, swichi zimevishwa maua, sisi wenyewe tunakula. Hapa hakatiwi mtu umeme mpaka kesho."

Bisi za mchele na dengu za kukaanga zikagawiwa. Mwenye kiwanda alipitishiwa zake baina ya nondo, kiganja kimoja kimoja, akala amesimama, maana sakafu ya lifti ilikuwa na grisi na nguo yake ilikuwa nyeupe. Aliyemlisha alikuwa mama yake.

"Kula, mwanangu. Baba yako alifunga siku nzima kila Ayudha Puja. Wewe unapewa bisi na bado umenuna."

"Mama, miguu inaniuma."

"Kalia boga."

Hakulikalia. Jua lilipoanza kuingia kwa madirisha ya magharibi, aliita kwa sauti ya chini, "Shemeji. Sogea. Karibu zaidi."

Nandagopal akasogea mpaka akawa anazungumza na vidole vya miguu.

"Sikiliza," alinong'ona Marudhachalam. "Mashine zako nimezipima. Ni nzuri. Nilikuwa nimeamua kukubali kabla sijapanda kuchukua hili boga. Na bado nitakubali. Kesho natia sahihi, kila mashine. Umenisikia? Kila moja."

Nandagopal alisimama kwa ncha za vidole vya miguu. "Nimekusikia, shemeji."

"Sasa nenda katikati ya watu. Waambie hii likizo imeingia kwa kosa. Kosa la programu, basi. Kompyuta inafunguliwa kurekebisha kosa, si kufanya kazi, mama hatakuwa na la kusema, na mimi nitatoka humu bila kuvunja sheria yangu mbele ya Chellappan. Neno moja tu. Kosa."

"Lakini si kosa. Anafanya alivyoagizwa, kikamilifu."

"Najua! Sema kosa!"

Poongodi alikuwa amesikia. Alimshika mumewe kiwiko. "Lisemee hapa hapa, mara moja, twende nyumbani. Sitaki kukuona kwenye ile meza."

"Nitasema," alisema Nandagopal, na kwa kweli alikusudia kusema. Aliondoka pale akilitafuna neno hilo mdomoni, kosa, kosa, neno jepesi kuliko hata Kadugu mwenyewe. Akasimama katikati ya ukumbi, akainua mkono. Watu wakanyamaza.

Bahati mbaya Chellappan akamwahi. Alikuwa amevua koja kwenye mashine ya kutoboa, akamvisha Nandagopal shingoni. Mafundi wakapiga makofi. Nandagopal alikuwa amevaa koja mara moja tu maishani, siku ya arusi yake, na siku hiyo macho yote yalikuwa kwa bi harusi.

"Ndugu zangu," alianza. "Kuhusu mapumziko haya ya Kadugu…" Akaona nyuso zinazomtazama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimcheka kama muuza hewa. "Kuhusu mapumziko haya, wapo watakaosema ni kosa."

"Nani huyo?" alipaza sauti mtu mmoja. "Ajitokeze!"

"Kadugu hakosei!" alisema Nandagopal, na sauti yake mwenyewe ikamfurahisha. "Nimemwandika kwa mikono yangu, herufi kwa herufi. Haangalii cheo cha mtu. Awe fundi, awe mwenye kiwanda aliye ndani ya lifti, sikukuu ni sikukuu!"

Makofi yalitikisa mabati. Poongodi alifunika macho.

"Anna," aliuliza Chellappan, mpole kabisa, "anaweza kushika na sikukuu ya Pongal?"

"Ni mstari mmoja tu."

"Na Jumapili?"

"Mstari mmoja."

"Na zamu ikiisha, anaweza kukataa kuendelea hata msimamizi akimwamuru?"

"Bwana Chellappan," alisema Nandagopal, akirekebisha maua kifuani, "huo hata mstari mzima haufiki."

Kwenye lifti miguu iliacha kutikisika. Kisha sauti ikatoka juu, kavu, isiyo ya mtu wa utani. "Chellappan. Lete spana."

Vichwa vyote viligeukia kitambaa chekundu.

"Mudalali, spana imepakwa."

"Nimesema lete."

"Nikiigusa, kesho nije kazini?"

"Njoo."

"Na yule Sivalingam aliyefukuzwa mwaka jana kwa kukaza mnyororo wa baiskeli yake?"

"Naye aje."

Bibi Arukkani alisimama, akachukua kiti chake na kuwapa wote mgongo, ili asione. Chellappan akachukua spana kwa vidole viwili, akaigusisha machoni kuiomba radhi, akapanda ngazi. Gurudumu likalia, lifti ikashuka kidogo kidogo, na mwenye kiwanda akatokea mzima: kwanza magoti, kisha kifua, mwisho uso mwekundu kama ile nukta. Akatoka, akaliweka boga chini, akapita mbele ya Nandagopal bila kumtazama.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuondoka, wengi wao wakaao vijijini, wakiwa na vifurushi vya peremende na bisi kwa watoto. Wakarudi. Geti kubwa la umeme, ambalo nalo lilikuwa limepewa Kadugu, lilikuwa limefungwa, na kwenye kioo chake ilikuwepo nukta moja nyekundu.

Mwanzoni walicheka. Kisha mmoja akatazama saa.

"Anna, mwamshe bwana. Basi la mwisho la Annur linatuacha."

"Anapumzika," alisema Nandagopal, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo.

"Apumzike kwao! Mimi nina mke!"

"Hivi programu gani hii, ya kumfungia mtu ndani siku ya sikukuu?"

Chellappan, ambaye spana ilikuwa bado mkononi mwake, alijaribu geti, likamshinda, lilikuwa na kufuli la ndani kwa ndani. Akarudi na uso mwingine. "Nandagopal anna," alisema, "hiki kitu chako ni kibovu. Kubali, ufungue, watu waende makwao."

Nandagopal akakiendea kile kitambaa. Hakuna aliyemzuia safari hii. Akaondoa asumini, akafungua kompyuta, na vidole vyake vikaacha alama za liwa kwenye herufi. Umati ulikuwa umemzunguka ukinung'unika, naye akasema bila kuinua kichwa, "Ilikuwa kosa. Kosa la programu."

"Tumejua," alisema mtu nyuma yake. "Harakisha."

Ngoma ya umeme ilianza kudunda kutoka pale ilipoishia. Geti likafunguka, na watu wakatoka mbio kuelekea kituoni bila kuaga.

Marudhachalam alikuwa amekaa kwenye kiti, mama yake akimkanda miguu. Nandagopal akamsogelea.

"Nimesema, shemeji. Umenisikia? Nimesema mbele yao wote."

"Nimekusikia." Marudhachalam alinyoosha mguu wa pili. "Neno hilo nililihitaji nikiwa juu. Sasa niko chini."

"Naweza kuitoa likizo leo leo. Ni mstari mmoja."

"Najua. Kila kitu kwako ni mstari mmoja." Akamgeukia dada yake, ambaye alikuwa amekwisha kuokota kompyuta na kuipangusa kwa ncha ya sari. "Poongodi, mwambie simu zinaanza saa tatu. Na aje na chakula chake, mkahawa wa kiwanda ni wa mafundi."